Saa nne ya nani? Kesi ya Dorchester ya 1858 na dakika kumi zilizogombaniwa

Twende moja kwa moja kwenye tukio. Mwaka ni 1858, mji ni Dorchester, huko Dorset kusini magharibi mwa Uingereza. Kuna kesi ya madai, mdai anaitwa Curtis na mdaiwa anaitwa March, na amri imetoka kwamba shauri litasikilizwa saa nne asubuhi. Saa ya ukutani mle mahakamani ikafika saa nne, jaji yuko kitini tayari, upande wa Curtis upo, upande wa March kimya, mwenyewe hayupo na wakili hayupo. Jaji hakutaka kusubiri, akampa Curtis ushindi, kesi imeisha. Sasa watu hata hawajakaa sawa, huyo wakili wa March anaingia, anakuta mambo yameshafungwa, na badala ya kuomba radhi kwa kuchelewa akasema kitu ambacho nadhani kiliwafanya watu wageuke wamwangalie mara mbili: mimi sijachelewa, ninyi ndo mmewahi. Saa ya mji bado haijafika saa nne, kwahiyo kesi yangu mmeimaliza kabla ya muda wake na nataka isikilizwe.

Na alikuwa anasema kweli. Hapo ndo utamu wa hii kesi ulipo, maana ukitoka nje ukaangalia saa ya mji wa Dorchester ilikuwa inasema saa nne kasoro kama dakika kumi, na ukirudi ndani saa ya mahakama inasema saa nne juu ya alama, na hakuna hata moja iliyoharibika. Zote mbili nzima na zote zinasema ukweli. Ile ya ndani ilikuwa imefuatishwa na saa ya Greenwich, yaani ya London, na ile ya mji ilikuwa inafuata jua la Dorchester kama zilivyofanya saa za miji tangu zianze kuwepo.

Kabla hatujaamua nani kakosea lazima kwanza tuelewe jinsi watu walivyokuwa wanaishi na saa, kwasababu sisi tumezaliwa tumekuta nchi nzima ina saa moja na tunaona ni kitu cha kawaida kama hewa. Haikuwa hivyo. Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24, gawanya utapata kila digrii moja ni dakika nne. Jua linapita utosini kwa mtu wa mashariki kwanza, alafu linaenda zake magharibi. Dorchester iko magharibi ya Greenwich kwa karibu digrii mbili na nusu, zidisha kwa nne unapata dakika kumi kasoro sekunde chache. Yaani jua likiwa utosini Greenwich, Dorchester bado dakika kumi. Basi saa ya Dorchester ilikuwa nyuma dakika kumi, ya Bristol nyuma kumi na kidogo, ya Exeter nyuma kumi na nne, ya Oxford nyuma tano, kila mji na saa yake, na hakuna aliyeona kama ni tatizo. Kwanini lingekuwa tatizo? Ukitoka Bristol kwenda London kwa gari la farasi unatembea siku nzima, barabara mbovu, farasi wanabadilishwa njiani, dakika kumi utaijulia wapi.

Waliokuwa wanaijua ni watu wa posta. Yale magari ya farasi yaliyobeba barua yalikuwa na mlinzi aliyekabidhiwa saa ndani ya kiboksi kilichofungwa kwa kufuli, asiweze kuichezea, na saa yenyewe ilikuwa inarekebishwa makusudi iende haraka kidogo au polepole kidogo kutegemea gari linaelekea mashariki au magharibi, ili likifika mji wa mbele saa ya mlinzi ikubaliane na saa ya pale. Mimi hii naipenda sana, badala ya kuulazimisha mji ubadilishe saa yake walikuwa wanaidanganya saa ili iheshimu mji.

Na mtu wa kawaida alipataje saa? Kwa jua. Kwenye ukuta wa kanisa au uwanja wa nyumba ya mkubwa kulikuwa na bamba la jua, kile kibao chenye kijiti kinachotupa kivuli, unasoma kivuli kimefika wapi. Lakini kibao nacho kina mambo yake, maana jua haliendi sawasawa mwaka mzima, njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na dunia yenyewe imeinama, kwahiyo mwanzoni mwa Novemba kibao kinatangulia saa ya kawaida kwa dakika 16 hivi, na katikati ya Februari kinachelewa dakika 14. Almanaki za zamani zilikuwa zinachapisha jedwali la kukuambia leo ongeza ngapi au punguza ngapi, ndo urekebishe saa yako. Kwahiyo pale Dorchester usidhani kuna saa mbili tu, kuna tatu: ya kibao, ya mji ambayo ni wastani wa jua la pale pale, na ya Greenwich. Kama kesi ingepigwa mwanzoni mwa Novemba na mdaiwa akawa anatembelea kibao cha jua angekuta dakika 16 zimemsogeza mbele ya saa ya mji na hata ya Greenwich ameipita. Angewahi kuliko jaji!

Sasa vurugu ililetwa na treni. Treni inakula maili ambazo farasi alikuwa anazimaliza kwa siku, inazimaliza kwa masaa mawili matatu, na kwenye reli moja mnapishana, huyu akisema natoka saa nne na yule akasema saa nne lakini saa nne zenu zina tofauti ya dakika kumi mtakutana uso kwa uso. Kampuni ya Great Western ikaamua Novemba 1840 kwamba stesheni zake zote zitafuata saa ya London. Ratiba yao ya 1841 ilibidi iwaeleze abiria kwamba saa ya London iko mbele ya Reading kwa kama dakika 4, mbele ya Bath na Bristol kwa dakika 11, na kuendelea, yaani tiketi unayo, ratiba unayo, na bado unatakiwa upige hesabu kichwani la sivyo unakuta moshi tu. Tarehe 22 Septemba 1847 ile taasisi iliyokuwa inapatanisha hesabu za makampuni ya reli, Railway Clearing House, ikashauri makampuni yote yahamie Greenwich mara ofisi ya posta itakaporuhusu, na kufika Desemba makubwa kadhaa yalikuwa yameshahama. Kuanzia 1852 Greenwich ikaanza kurusha alama za saa kwa waya za simu ya maandishi, kwahiyo hata kisingizio cha "saa yetu haifiki kwenu" kikaisha.

Na Dorchester yenyewe haikuwa kijijini mbali na hayo mambo. Reli ya kutoka Southampton ilifika pale Juni 1847, na mwaka 1857, mwaka mmoja tu kabla ya kesi yetu, ikaingia na nyingine ya kutoka kaskazini kuelekea Weymouth. Stesheni mbili mjini, zote na saa ya London. Alafu juu ya paa saa ya mji inaendelea na jua lake kama kawaida.

Miji mingine ilikuwa imeshapigana hiyo vita na imemaliza. Bristol walijaribu kuishi na zote mbili, pale kwenye jengo la soko la nafaka waliweka saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa Bristol mmoja wa London, na iko pale mpaka leo ukienda utaiona, na mwaka 1852 mji ukakubali London. Exeter mkuu wa kanisa kuu aligoma, saa ya kanisa ndo ilikuwa saa ya mji na alikataa kuisogeza hizo dakika 14, mpaka Novemba 1852 ndo akalegea. Kufika katikati ya miaka ya 1850 saa za hadharani zilizobaki na jua la mahali zilikuwa za kuhesabu. Ukiangalia kwa mtindo huo unaweza kusema March na wakili wake walikuwa wanang'ang'ania kitu kilichokuwa kinakufa, na ndo maana watu wengi wakisimuliwa hii kesi wanadhani alishindwa.

Turudi mahakamani. Mahakama yenyewe ilikuwa ya kuzunguka, jaji anatoka London anaenda mkoa baada ya mkoa kusikiliza mashauri, kama ambavyo kwetu Mahakama Kuu inavyoenda kufanya vikao wilayani. Ukiliweka hilo kichwani unaelewa kwanini saa ya mahakama iliweza kuwa ya Greenwich bila mtu kuona ajabu, jaji kaja na treni, mawakili wake wa London wamekuja na treni, mifukoni wana saa za London. Waliokuja kwa miguu kutoka mitaa ya jirani ndo walikuwa na saa nyingine. Nisikilizeni hapo vizuri kwasababu ndo sehemu inayonikera, hii saa ya Greenwich ilikuwa inamfaa mgeni kuliko mwenyeji. Mwenye mji ndo anageuka mchelewaji mjini kwake.

Jiweke kwanza upande wa Curtis, tuwe na haki. Amri inasema saa nne. Amri ni ya mahakama, saa iko ndani ya mahakama, jaji anaiangalia ile, si kazi ya jaji kutoka nje kuchungulia mnara. Pili, kila mtu Dorchester anajua kuna saa ya treni, miaka 11 sasa treni inaingia pale, mwenye kesi akijua kuna saa mbili mjini basi busara ni kufuata ile inayotangulia, ukiwahi dakika kumi hupotezi kitu, utakaa kwenye benchi. Na tatu, ukiruhusu kila mtu aje na saa yake mahakama itakuwa soko. Hizi ni hoja nzito na mimi ningekuwa wakili wa Curtis ningelala usingizi.

Upande wa March sasa. Amri imeandika saa nne, haikuandika saa nne ya Greenwich. Mtu wa Dorchester akiambiwa saa nne bila nyongeza ataelewa nini? Saa nne ya Dorchester, ile ambayo baba yake na babu yake waliifuata. Alafu swali gumu zaidi, nani aliibadilisha? Bunge halijatunga sheria. Mfalme au malkia hajatoa tamko. Makampuni ya reli yamebadilisha ya kwao na ni haki yao, ratiba ni zao. Lakini kampuni ya reli haina mamlaka ya kusema saa nne ya nchi inaanzia wapi, na mji ukiweka saa fulani ukutani huo ni uamuzi wa kuweka saa ukutani tu.

Kesi ikapelekwa London, Mahakama ya Exchequer, moja ya mahakama za juu za Uingereza wakati ule, swali likiwa je isikilizwe upya au ibaki ilivyo. Na wale majaji wakasema isikilizwe upya. Maneno yaliyobaki kwenye vitabu vya sheria ni mafupi na yana uzito kama jiwe: saa nne ni saa nne kwa muda wa mahali husika, na halmashauri ya mji haiwezi kusema siyo hiyo bali ni saa nne ya Greenwich. Basi. March hakuwa amechelewa. Jaji wa Dorchester ndo alikuwa amewahi.

Angalia utani uliomo. Majaji wamekaa London, wanafuata saa ya London, wanaambiwa chagueni kati ya saa yenu na ya mkoani, wakachagua ya mkoani. Na kwa hukumu yao wenyewe hata pale walipokaa Westminster si Greenwich, iko magharibi yake kidogo, jua la Westminster liko nyuma ya Greenwich kwa nusu dakika hivi. Yaani ukiibana ile hukumu mpaka mwisho hata Exchequer yenyewe ilitakiwa ianze vikao nusu dakika baada ya kengele ya Greenwich. Hakuna aliyewabana, ila ingekuwa mimi ningejaribu.

Uchambuzi wangu sasa, na hapa wengi hatutakubaliana. Watu wanaisoma hii kesi kama ugomvi wa saa ipi ni sahihi, wanasema sayansi ilikuwa upande wa Greenwich na majaji walikuwa wazee wa mambo ya kale. Siyo. Usahihi haukuwa na tatizo kabisa, saa ya mji ilikuwa na usahihi wake kwa jua la pale, na ukitaka kuwa mkali zaidi ile ya mahakamani ndo ilikuwa inasema uongo kuhusu Dorchester, maana ilikuwa inasema jua liko mahali ambapo halijafika. Ugomvi ulikuwa wa mamlaka. Nani ana ruhusa ya kuuambia mji saa yake ni ngapi? Majaji wakajibu kwamba desturi mpya hata ikienea namna gani, hata kama saa karibu zote za nchi zimeshageuzwa, neno lililoandikwa kwenye amri ya mahakama linabaki na maana yake ya zamani mpaka mwenye mamlaka ya kulibadilisha alibadilishe. Na kwa hilo naona walikuwa sahihi kabisa, ingawa matokeo yake yalikuwa kero kama tutakavyoona.

Kama kuna wa kulaumiwa namlaumu yule jaji wa kwanza, si kwasababu ya saa aliyoifuata bali kwasababu hakusubiri. Unajua mji una saa mbili zilizopishana dakika kumi, mtu hayupo, unashindwa nini kungoja robo saa? Ukimhukumu mtu bila kumsikia kwa tofauti ambayo unaijua ipo, lazima itarudi kukusumbua, na ilirudi. Lawama ya pili iende kwa aliyeandika ile amri, angeandika neno moja tu la nyongeza tusingekuwa na kesi. Wakili wa March naye asijione shujaa, mtu anayefika mahakamani dakika ile ile ya mwisho siku ya kesi ya mteja wake ana bahati tu kwamba sheria ilikuwa upande wake.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tusicheke sana. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa kwenye kikao na ofisi moja ya watu wa nje, ujumbe umeandikwa kwa Kiswahili kabisa "kikao kitaanza saa 10:00", nikafika saa kumi alasiri nimenyoosha shati nimechana nywele, mlinzi ananiambia kikao kiliisha asubuhi wageni wameshaondoka. Nilimwambia mlinzi saa kumi si ndo hii? Akacheka, akasema "kaka, hiyo ilikuwa ya kizungu." Sasa kama ningekuwa na Mahakama ya Exchequer karibu ningeenda, maana hoja yangu ni ile ile ya March neno kwa neno, umeniandikia kwa lugha ya mahali hapa basi saa ni ya mahali hapa! Saa yetu inahesabu kutoka jua linapochomoza na linapozama, saa moja asubuhi ni saa moja baada ya kukucha, na hatujawahi kuiacha hata kama mishale ya saa tunazonunua imetengenezwa kwa hesabu nyingine. Tunasoma saba tunatamka moja, mtoto wa darasa la pili anaweza.

Tuendelee na madhara ya hukumu. Kuanzia 1858 Uingereza ikawa na hali ya ajabu ambayo ilidumu miaka 22, kila kitu kinaenda kwa saa ya Greenwich isipokuwa sheria. Treni Greenwich, posta Greenwich, viwanda Greenwich, lakini ukifika kwenye jambo la kisheria lenye saa ndani yake, saa halali ni ya jua la pale ulipo. Fikiria mikataba inayoisha saa sita mchana, vilabu vya pombe vinavyotakiwa kufungwa saa fulani, na kubwa zaidi, uchaguzi. Mei 1880 gazeti la The Times lilichapa barua ya karani mmoja wa mahakama, hakuweka jina aliweka cheo chake tu, akilalamika kwamba kila mtu anajua Greenwich ndo inayotumika karibu nchi nzima lakini kumbe si saa halali, kwahiyo huko kwao vituo vya kura vilibidi vifunguliwe saa mbili na dakika 13 asubuhi na kufungwa saa kumi na dakika 13 jioni. Ukipiga hesabu yetu ya dakika nne kwa digrii unajua tu huyu bwana alikuwa anaandika kutoka mahali zaidi ya digrii tatu magharibi. Mpiga kura anafika saa mbili kamili anakuta mlango umefungwa, anaambiwa sheria bado haijafika saa mbili.

Baada ya miezi mitatu, tarehe 2 Agosti 1880, Bunge likapitisha sheria fupi sana ya kutafsiri muda. Inasema popote kwenye sheria au hati ya kisheria patakapotajwa saa, kwa Uingereza na Scotland na Wales ieleweke ni ya Greenwich, isipokuwa kama imetajwa vingine. Na kwa Ireland? Ireland wakapewa saa ya Dublin, nyuma ya Greenwich kwa dakika 25 na sekunde 21, sekunde zimo kwenye hesabu hawakuzikata. Ireland ikakaa na saa yake mpaka 1916, ndo ikaunganishwa. Kwahiyo kile kilichohitajika siku zote hakikuwa mwanasayansi, kilikuwa mistari michache ya Bunge, kama hukumu ya March ilivyokuwa imedokeza kwa kuikataza halmashauri ya mji kujifanya Bunge. Ule mkutano mkubwa wa Washington wa Oktoba 1884 uliochagua Greenwich kuwa mstari wa sifuri wa dunia ulikuja baadaye, na Marekani makampuni ya reli yalikuwa yameshajigawia kanda zao Novemba 1883 bila kusubiri sheria yoyote, lakini hiyo ni habari nyingine na ina kesi zake.

Saa ya jua la mahali haikufa yote siku ile ya Agosti. Oxford, pale chuo cha Christ Church, kengele kubwa inaitwa Great Tom inagonga mara 101 kila usiku saa tatu na dakika tano, kwasababu kwa jua la Oxford hiyo ndo saa tatu kamili, na ibada za kanisa lao bado zinaanza dakika tano baada ya muda ulioandikwa. Na kwenye sheria yenyewe kulibaki tundu, maana ile sheria ya 1880 iliongelea saa, haikuongelea jua. Zilikuwepo sheria za kuwasha taa kwenye vyombo vya barabarani baada ya machweo, ikazuka kesi, na mwaka 1899 mahakama ikaamua kwamba machweo ni machweo ya pale ulipo, si ya Greenwich. Hoja ya March ikafufuka kwa mlango wa nyuma.

Na hii ya machweo sisi tunaiishi. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa masaa matatu mbele ya Greenwich, yaani digrii 45, na mstari wa digrii 45 unapita karibu na Mogadishu, kwahiyo kisheria jua letu sote ni la Mogadishu. Kenya iliwahi kukataa hesabu nzima nzima ikatumia masaa mawili na dakika 45, ni baadaye ndo ikabaki na tatu. Jua la Dar linafika utosini kwa wastani saa sita na dakika 23, la Kigoma saa saba na dakika moja hivi, na wote wawili ukutani saa ni moja, benki zinafunguliwa pamoja, taarifa ya habari wanaisikiliza pamoja. Ila ikifika Ramadhani hakuna anayeuliza Bunge. Redioni adhana ya magharibi inatangazwa kuwa ni kwa wakazi wa Dar es Salaam na vitongoji vyake, Dar wanafungua kinywa na tende zao, na mtu wa Kigoma anayesikiliza redio ile ile, saa yake ya mkononi ikisema vile vile, anaiacha tende kwenye sahani na kungoja karibu dakika arobaini nyingine mpaka jua la kwao lizame ziwani.